Nukta Tatu Ulizozitia Wewe

Kwa Abubakar, kaka yangu wa tumbo moja, Jomvu Kuu.

Salamu ya Mungu si mali yangu hata niizuie, basi assalaamu alaikum, wewe na wote waliokaa hapo wakikusikiliza. Shikamoo ni mali yangu, na leo nimeizuia. Hali yako siiulizi. Naiuliza hali ya binti yangu Zuhura: ana homa? Ngozi yake i safi? Mimi ni mzima wa mwili, ila chakula hakipiti kooni, na sababu yake ni wewe.

Utaona barua hii nimeiandika kwa herufi za Kizungu, si kwa hati zetu za Kiarabu. Usijifanye huzijui. Tulikaa dawati moja skuli ya serikali miaka miwili, na ni wewe uliyekuwa ukinicheka kwa kuandika vibaya. Utaona pia kwamba Mjomba Salimu amevuka kutoka Likoni na amekaa mbele yako na karatasi mkononi. Karatasi ile ni nakala ya barua hii hii, nimeiandika mwenyewe, neno kwa neno. Kwa hiyo soma kwa sauti, kama unavyosoma barua zangu zote mbele ya Mama na jirani. Ukiruka neno, mjomba atakukumbusha. Ukitia neno lako, atakukumbusha vilevile.

Wale wasiojua kisa chote nitawaeleza, maana najua mmepewa nusu nusu.

Mnajua nilikuja Uingereza kwa ajili ya hesabu. Chuo kikuu cha mji huu kina mashine ya kuhesabu, wenyewe waiita kompyuta. Ni makabati ya chuma yaliyojaa chumba kizima, na joto lake ndilo joto pekee ninalolipata katika nchi hii. Kazi yangu ni kutoboa utepe wa karatasi. Kila tarakimu ina matundu yake, na mashine huyasoma matundu. Mkubwa wangu ni daktari wa maradhi ya kuambukiza, Mwingereza mrefu ambaye hunisalimu huku akitazama saa. Nyumbani ninakopanga, mama mwenye nyumba amenipa kikombe changu peke yangu, kimepakwa rangi nyekundu chini, kisije kikachanganyika na vya wapangaji wengine. Nimezoea. Yule mama hanijui, naye hana sababu ya kunijua. Wewe wanijua tangu siku niliyozaliwa, ndiyo maana ulilolitenda wewe limeniuma zaidi.

Daktari huyu ataka kujua virusi hubadilikaje. Virusi ni vile vidudu vidogo mno viletavyo mafua, ndui na ugonjwa wa kupooza. Huwezi kukaa ukavitazama vikizaana vizazi kwa vizazi, muda hautoshi, tena ni hatari. Basi sisi twavibuni kwa tarakimu. Kidudu kimoja ni mstari mmoja wa tarakimu. Mashine huunakili mstari ule tena na tena, na kila inaponakili hupiga bahati nasibu. Mara nyingi nakala hutoka sawasawa. Mara moja moja tarakimu moja hukosewa. Makosa mengi hayana faida, hufa palepale. Lakini likitokea kosa moja linaloufaa ule mwili unaoshambuliwa, nakala ile ndiyo itakayozaa zaidi kuliko zote, na wanawe watanakiliwa pamoja na kosa lao. Ukiiacha mashine ifanye kazi tangu asubuhi hadi alasiri, kisha ukautafuta mstari wa mwanzo, huuoni tena. Hapana aliyekusudia. Ni kunakili na kupokelewa, basi.

Ndani ya chumba kile hamna ugonjwa. Kuna karatasi, kuna umeme, na kuna mimi. Nalisema hili kwa sababu nasikia Jomvu nzima yavuma kwamba Hamisi wa marehemu Mwalimu Faki anafuga maradhi katika sanduku la chuma kwa ajili ya Wazungu. Aliyeanza kulisema neno hilo anajijua.

Sasa barua. Kabla ya mwezi wa Ramadhani niliwaandikia kwa furaha, kwa hati zetu za Kiarabu, nikawaeleza kazi hii. Nilisema mafua ni mjanja, kila mwaka huvaa kanzu nyingine, na ndiyo maana sindano yake huchakaa upesi. Halafu nikasema ndui si hivyo. Ndui ni mshamba, hana kanzu ya pili, na aliyechanjwa jana yu salama na kesho. Kisha nikamaliza kwa maneno haya, nayaandika hapa waziwazi ili kila mtu ayasikie: *Basi watu wa serikali wakija, wasikizeni watu wa kupiga sindano.*

Kupiga, kaka. Mjomba, hebu msikilize asemavyo. Amesema kupiga?

Wewe uliwasomea watu *kupinga*. Wasikizeni watu wa kupinga sindano. Na wachanjaji walipofika Jomvu Kuu, ulisimama mlangoni pangu na barua yangu mkononi. Mke wangu alikuwa nyuma ya mlango, alisikia yote, na akamweleza mjomba naye akaniandikia. Yule mchanjaji, Mgiriama kijana mwenye adabu, alikwambia, "Mwalimu, ni mkwaruzo mdogo tu wa mkononi. Hata mtoto halii." Nawe ukamjibu, "Hii hapa hati ya mwenye nyumba. Yeye yuko Ulaya, aingia katika mashine zao, ajua kuliko wewe uliyetumwa. Amesema tusikize wanaopinga. Rudi ulikotoka." Watu wakapiga makofi. Nasikia mmoja alisema hata serikali yenyewe ya Wazungu inaondoka, ya nini kuchanjwa na mtu anayefunga virago.

Siku ile Zuhura alikuwa amevaa gauni la kijani, mkono umeshatolewa nje ya gauni, wangoja mchanjaji. Mama yake alimtayarisha.

Ulipoandika kunieleza habari hiyo ulijisifu. "Tumefanya kama ulivyotuagiza, ndugu yangu." Niliisoma sentensi hiyo nimesimama kituo cha basi, mvua inanyesha, na nilidhani nimesoma vibaya mimi. Siku ileile nilikwenda posta nikapiga simu ya maandishi, telegramu: *Mchanjeni Zuhura mara moja. Hamisi.* Maneno manne na jina langu, hakuna mtu duniani anayeweza kuyapotosha. Nawe ukajibu nini? Ulijibu kwa barua ya kawaida, ikachukua siku zake njiani, ukaniambia kwamba simu yoyote aweza kuipiga mtu yeyote, kwamba huenda serikali ndiyo iliyoipiga, na kwamba wewe wajua mwandiko wa mdogo wako na mwandiko ule ulishasema. "Waya si hati yako," ukaandika. Ewe kaka! Mtoto ni wangu, mke ni wangu, na amri ni ya karatasi uliyoisoma vibaya.

Nikamwomba Mjomba Salimu anitafutie nakala. Maana najua desturi yako. Barua yangu ikija, huinakili ukawapelekea jamaa wa Likoni, na wa Likoni huinakili ikaenda kwa binamu zetu wa Mjambere, ili kila mtu ajue habari za Ulaya. Mjomba akanitumia zote mbili katika bahasha moja. Nilizitandaza mezani pale kazini, nikachukua penseli nyekundu ile tunayoitumia kukagua karatasi za mashine.

Katika ile ya Likoni, ambayo ni mwandiko wako, niliona jambo la kwanza. Baba alitufundisha sote wawili, kwenye mkeka mmoja: herufi ghaini tupu, yenye nukta yake moja, isome *g*, ukitaka *ng* itie nukta tatu juu. Watu wengine wa pwani hawajali, huandika ghaini moja kwa sauti zote na kumwachia msomaji. Baba alijali. Mimi niliandika ghaini tupu. Wewe umetia nukta tatu. Ziko pale, nzuri, zimepangika kama mafiga. Jambo la pili, ile sentensi ya ndui kuwa mshamba haipo. Nilikuuliza iko wapi, ukasema karatasi haikutosha ukaiacha. Karatasi ilitosha kwa salamu za shemeji zako wote, haikutosha kwa sentensi moja juu ya ndui!

Na ile ya Mjambere? Hiyo imetoka katika yako, mwandiko wa mtu mwingine, na hapo mimi mwenyewe nasema kwamba *sindano ndiyo iletayo ndui, Hamisi ameiona ndani ya mashine.* Sikuandika hivyo. Hata wewe hukuandika hivyo. Lakini mjomba aniambia kwamba nakala hiyo ndiyo iliyosomwa zaidi kuliko zote, imefika Kisauni yote, ina alama za mafuta kwa kushikwa. Barua yangu ya kweli amebaki nayo Mama chini ya mto, naye hajui kusoma.

Nilikaa nikazitazama zile karatasi mbili za kosa, na sikuhitaji mtu kunieleza. Kila siku natoboa utepe ili mashine inionyeshe jambo hili hili. Neno moja lilikosewa, kosa likawapendeza watu, wakalizalisha. Lile la sawa halikupata mwili wa kuingia.

Daktari akapita akaniona na penseli nyekundu mkononi na karatasi za Kiarabu mezani. Akaniuliza, nami, kwa ujinga, nikamweleza. Unajua alifanya nini? Alifurahi. Alikaa juu ya meza, akasema, "Lakini huu ndio mpango wetu wenyewe, Hamisi! Twaweza kuutia katika mhadhara?" Nikamwambia, "Bwana, mtoto wangu yumo katika mhadhara huo." Akatazama saa, akaenda zake. Baadaye alirudi akaniletea chai, na nilimwacha aiweke, lakini sikuinywa. Tangu siku hiyo hatusemezani ila kwa mambo ya utepe. Nimechoka na watu wanaoona shida yangu ni mfano mzuri.

Sasa nitasema jambo ambalo mjomba alinionya nisiliseme, kwamba litakupa nguvu. Nitalisema kwa sababu ni kweli. Mimi ni mvivu wa nukta. Tangu nifike huku naandika haraka haraka, mikono ya baridi, na katika barua zangu zilizotangulia mara nyingi niliandika *ng'ombe* na *nguo* na *ndani ya nyumba yangu* kwa ghaini tupu, nikijua wewe utazitia nukta kichwani. Nawe ukazoea kuzitia. Miaka miwili umekuwa ukinisahihisha, na hukuwahi kukosea, na sikuwahi kukushukuru. Basi siku ile uliponitilia nukta mahali pasipohitaji, ulifanya ulichozoea. Hilo nimelikubali. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi mguu mmoja umo.

Lakini usijifurahishe ukadhani maneno yameisha. Mimi nilikosa kwa uvivu. Wewe ulipofika pale palikuwa na njia mbili, kupiga na kupinga, na neno lililokuwa juu yake, lile la ndui mshamba, lilikuonyesha njia ya kweli. Uliliona ukaliacha. Kwa nini? Najua kwa nini. Kwa sababu ya mkono wa dada yetu Mwanajuma. Alichanjwa akiwa mdogo, mkono ukavimba, ukatunga usaha, akalia siku tatu, nawe ndiye uliyembeba. Umewachukia wachanjaji tangu siku hiyo. Una haki ya kuwachukia. Lakini Mwanajuma yu hai, kaka. Amezaa watoto watano. Ule mkono ulipona, na mwaka ndui ilipopita Changamwe ikawazoa watoto kama dagaa, yeye haikumgusa. Hilo nalo ulilibeba? Au hilo pia karatasi haikutosha?

Na sasa nasikia ya Athumani mwashi. Jirani yetu, mtu aliyekijenga choo chetu na kukataa kulipwa kwa sababu alikuwa mwanafunzi wa Baba. Naye alikuwepo barazani ulipoisoma barua. Akarudi nyumbani akawafungia wachanjaji mlango, akisema Hamisi ameandika. Wanawe wawili waliingia karantini. Mkubwa ametoka na uso wenye mashimo. Mdogo hakutoka. Mjomba aliandika jambo hilo kwa mstari mmoja, kisha akaacha nafasi kubwa, kisha akaendelea na habari za nazi. Athumani, kama umekaa hapo, nisikilize: sikuandika hivyo. Wallahi sikuandika hivyo. Sijui nikuombe nini. Kama utataka kunilaumu, nilaumu, jina lililotajwa mlangoni pako ni langu.

Kaka, nasikia hata baada ya msiba ule hukubadilika. Mjomba alikuja wiki iliyopita kumchukua Zuhura, ukamwambia, "Mjomba, heshima yako, lakini mke wa mtu hatolewi nyumbani na mjomba. Mwenye mke kaandika kwa mkono wake." Ulisema kweli ya sheria. Mke wangu alikuwa amekwisha funga kanga, akaifungua. Yeye ni mtoto wa watu wa heshima, hatoki bila idhini yangu, na idhini yangu imekuwa ikipita kinywani mwako. Ndiyo maana sikuridhika kumpa mjomba karatasi ya kukuonyesha. Ungesema imeghushiwa. Nimetaka idhini itoke kinywani mwako wewe, kwa sauti yako, mbele ya Mama, ili asiwepo mtu wa kusema hakusikia. Mpaka hapa umeisoma, na unajua huu ni mwandiko wangu, maana hakuna mtu mwingine duniani anayekata herufi *t* vibaya namna hii.

Basi endelea.

Mwanasiti, mke wangu, uliye nyuma ya pazia. Haya ni maneno yangu, na anayeyasema ni shemeji yako. Nimekupa ruhusa ya kutoka, sasa hivi, bila kumwuliza mtu yeyote, na ruhusa hii haina mwisho. Mchukue Zuhura. Pita mlango wa uani, usipite ukumbini. Usitafute buibui nzuri, usifunge mzigo, usingoje barua iishe. Mjomba hakuja na basi leo: kuna gari limesimama penye njia kuu, na mwenye gari anakujua. Litakupeleka zahanati ya Changamwe, na wewe mwenyewe utoe mkono kwanza, ili mtoto aone. Mkono ukivimba, utavimba. Ukitunga usaha, mtie kitambaa safi, usimpake dawa ya mtu. Ndivyo mkono unavyokuwa chanjo ikishika. Nenda, mama Zuhura. Nakuomba barua hii itakapomalizika usiwepo wa kuisikia.

Kaka, usinyanyue macho. Bado kuna salamu, na hujawahi kukatiza salamu za mtu.

Nisalimie Mama mzazi, mwambie mwanawe anamwamkia na anambusu mikono, na kwamba barua iliyo chini ya mto wake aitunze, ndiyo ya kweli. Soma polepole, Mama hasikii vizuri sikio la kushoto. Nisalimie dada Mwanajuma na mumewe na watoto wote watano, wataje mmoja mmoja, unawajua. Nisalimie shemeji, mke wako, ambaye najua ndiye aliyempelekea Mwanasiti uji siku alizokataa kula. Nisalimie mwadhini wetu, na umwambie sauti yake naikumbuka kila alfajiri, ambapo hapa hakuna ila mkokoteni wa maziwa. Nisalimie yule bibi muuza mahamri wa njia ya msikitini. Nisalimie wanafunzi wako wa chuo, na uwafundishe nukta kama Baba alivyotufundisha. Nisalimie Athumani na mkewe. Kwao usisome salamu tu, simama uwape mkono.

Nisalimie wote niliowataja na nisiowataja, wakubwa kwa heshima na wadogo kwa mapenzi.

Nafikiri sasa gari limekwisha ondoka. Waweza kunyanyua macho.

Ni mimi mdogo wako,
Hamisi, baba yake Zuhura.